Trekta la shamba la miti Pemba: anza na kilima, malizia na injini

Kila mavuno ya karafuu yakimalizika na watu wakishalipwa, napokea suali lile lile: "Ninunue trekta gani?" Wengine huja na picha kwenye simu, trekta jekundu au la rangi ya chungwa linang'aa, na wanachosubiri ni mimi niseme ndiyo. Nami huwauliza: kilima cha shamba lako kina mwinamo kiasi gani? Karibu wote hawajui. Idadi ya mikarafuu wanaijua, mnazi upi unazaa wanaujua, lakini mwinamo hawajaupima hata siku moja.

Mwongozo huu ni wa mwenye shamba la miti hapa kwetu: mikarafuu, minazi, mifenesi na miembe iliyochanganyika, au misaji na mikeshia ya kupanda, juu kilima na chini bonde la mpunga. Utaratibu wake ni mmoja, nao nausisitiza kwa sababu nimeona pesa nyingi za watu zikipotea kwa kuugeuza. Kwanza shamba, kisha kazi, kisha kifaa, na trekta liwe la mwisho. Trekta peke yake halifyeki jani wala halibebi gunia. Ni injini ya kuzungusha na kuvuta kifaa, na kifaa ndicho kinachosema injini iwe ya ukubwa gani.

Hatua ya kwanza: lipite shamba kwa miguu

Nenda wakati wa masika, au siku mbili tatu baada ya mvua nzito ya vuli. Kiangazi kila shamba linaonekana zuri. Chukua kamba ya kupimia, panga, vigingi, ubao ulionyooka wa mita 1, na pimamaji ya fundi uashi.

Anza na udongo. Kinongo, ule udongo mwekundu wenye kina, hubeba trekta vizuri ukiwa mkavu, na ukilowa huteleza kama sabuni. Kichanga hakisumbui sana tambarare, ila mlimani tairi huchimba na kujizika. Kinamo cha bondeni humeza tairi hadi ekseli. Na uwanda, ile ardhi ya mawe ya matumbawe kama ilivyo mashariki ya Unguja na sehemu za Micheweni, usipeleke slasha ya trekta kabisa, yaani kile kifaa cha visu cha kufyekea kinachofungwa nyuma. Jiwe limejificha chini ya jani, kisu kinagonga, na kama hakikuvunjika kisu basi gia boksi inapata ufa. Huko mashine ya kufyekea ya begani pamoja na panga ndiyo zana sahihi, na mwenye shamba la uwanda tupu anaweza kuacha kusoma hapa akahifadhi fedha zake.

Kisha pima mwinamo. Weka ncha moja ya ubao ardhini upande wa juu, elekeza ncha ya pili chini ya kilima, inyanyue mpaka pimamaji ikae sawa, halafu pima kutoka ncha hiyo hadi ardhini. Sentimita 18 ni nyuzi 10, sentimita 27 ni nyuzi 15. Mimi mpaka wangu ni sentimita 25. Penye zaidi ya hapo trekta halipandi na mimi nikiwa juu yake, awe dereva hodari namna gani. Piga kigingi kila unapofikia mpaka huo, zunguka shamba zima, na mwisho utaona mstari: upande wa mwinamo mkali kazi ya mtu na panga, upande wa mwinamo mdogo kazi ya mashine.

Ami yangu alinikatalia. Shamba lake liko kwenye kilima upande wa Wete, na alishika kwamba yeye akiwa kijana alikuwa akipanda na baiskeli mpaka juu, ikiwa na pishi za karafuu nyuma. "Mwanangu, mlima huu mnaukuza nyinyi," aliniambia. Tukapima mara tatu, sehemu tatu, yeye mwenyewe ameshika pimamaji. Sentimita 34, 31, 36. Akanyamaza, akalitazama lile tone la hewa ndani ya pimamaji, akasema, "Basi tuupande mikeshia." Akafanya hivyo. Nusu ya shamba aliyokuwa akiipigia hesabu ya trekta haikuwa ya trekta, na kujua hilo kulimshusha kutoka mashine kubwa hadi mashine ya kati.

Sasa pima nafasi baina ya miti, na usipime palipo wazi, pima palipobana. Mashamba ya zamani yalipandwa kwa safu, lakini miti imekufa, imepandwa mingine katikati, na mifenesi imejiotea. Nafasi ndogo kabisa utakayopita, ondoa nusu mita kila upande, inayobaki ndiyo upana wa juu wa trekta na kifaa. Tazama pia juu. Mkarafuu hushusha matawi yake chini sana, na trekta lenye upinde wa chuma wa kumkinga dereva litayavunja. Matawi yaliyovunjika ni karafuu za mwakani.

Mwisho wa hatua hii ni njia ya kuingilia. Kuna watu wamenunua mashine, imefika, ikashindwa kuvuka mfereji wa mbele ya shamba. Angalia madaraja ya magogo, kona, na pale unapopakana na jirani.

Hatua ya pili: hesabu kazi kwa saa

Andika kazi zote za mwaka. Kwa wengi wetu orodha inafanana: kufyeka chini ya mikarafuu kabla ya uchumaji, ili wachumaji wapite na karafuu zinazoanguka ziokotwe; kubeba magunia, nazi, kuni na mbolea; kuburuta magogo na miti iliyoanguka kwa upepo; kutengeneza njia baada ya masika; kukata ukanda wa kuzuia moto kiangazi.

Halafu piga hesabu. Slasha ya upana wa mita 1.2 ikienda kilomita 3 kwa saa inapita mita za mraba 3,600. Toa kugeuka na kurudia, zinabaki kama 2,900. Eka moja ni mita za mraba 4,047, kwa hiyo ni saa moja na nusu, na baina ya miti sema saa mbili. Mtu mwenye eka zake 3, na mashamba mengi Unguja na Pemba ni hizo eka tatu tatu zilizogaiwa baada ya Mapinduzi ya 1964, anafyeka kwa saa 6. Akifyeka mara mbili kwa mwaka ni saa 12.

Saa 12 kwa mwaka mzima. Muda uliobaki trekta likikaa chini ya mwembe linaota kutu, betri inakufa, panya wanatafuna nyaya. Kwa hiyo mwenye eka 3 nasema naye kwa mapenzi: usinunue peke yako. Kodi, au ungana na majirani. Watu kumi wenye eka 3 kila mmoja wana saa 60 kwa mzunguko mmoja, 120 kwa mwaka, na ukiongeza kubeba mizigo msimu wa karafuu mashine inapata kazi ya kweli. Mkiungana, andikianeni kabla ya kutoa fedha: nani dereva, nani anashika ufunguo, kila saa inalipiwa kiasi gani kwenye mfuko wa matengenezo, na zamu inakwendaje wakati kila mtu anataka kufyeka wiki moja. Ushirika mwingi wa mashine huvunjika kwenye hilo la mwisho. Pangeni zamu kwa kura, na kila mwaka aliyekuwa wa mwisho awe wa kwanza.

Mafuta yahesabu pia. Trekta la nguvu za farasi 30 likifyeka hunywa kama lita 4 hadi 5 za dizeli kwa saa.

Jambo la sheria lipite hapa kabla hatujafika kwenye vifaa. Zanzibar ina sheria ya misitu, Namba 10 ya mwaka 1996, na kukata miti kunahitaji kibali. Mkarafuu haukatwi ovyo hata ukiwa kwenye shamba lako. Kama kazi yako ni zaidi ya kufyeka vichaka na kuondoa vilivyoanguka, anza kwa sheha, kiongozi wa serikali wa eneo lako, naye atakuelekeza kwa maofisa wa misitu wa wilaya. Ulizia na msumeno wa moto kabla hujauleta, usije ukanunua kitu utakachonyang'anywa.

Hatua ya tatu: chagua vifaa

Kifaa cha kwanza kwa shamba la miti ni slasha, lile sinia kubwa la chuma lenye visu vinavyozunguka chini yake. Hapa ndipo nitakapokaa zaidi, maana ndicho kitakachofanya kazi nyingi na ndicho kinachoharibika kwa kuchaguliwa vibaya.

Upana wake unategemea nguvu inayofika kwenye shafti ya PTO, ile inayotoka nyuma ya trekta kuzungusha vifaa, na nguvu hiyo huwa pungufu ya ile iliyoandikwa kwenye boneti. Kipimo cha kuanzia ni nguvu za farasi 5 kwa kila futi moja ya upana, na vichaka vikubwa vinataka zaidi. Trekta lenye farasi 25 kwenye shafti linavuta slasha ya futi 4, na ya futi 5 linaivuta kwa taabu. Chukua ya futi 4. Baina ya mikarafuu utaishukuru pia kwa wembamba wake.

Uliza inakata shina la unene gani. Slasha nyepesi zimetengenezwa kwa majani na vijiti vya sentimita 2 au 3. Shamba lililoachwa miaka mitatu lina mipera ya unene wa mkono, na hapo unahitaji ya sentimita 5 angalau, yenye bamba nzito na sahani ya duara inayoshikilia visu. Sahani hiyo huiwezesha slasha kupanda juu ya kisiki badala ya kukigonga kwa ubavu. Visu viwe vya kukunjika, vikigonga kitu kigumu virudi nyuma.

Pili, kinga ya gia boksi. Ziko za aina mbili. Moja ni bolti laini iliyowekwa ikatike pale kisu kinapokwama: rahisi, lakini kila ikikatika unashuka na spana, na watu huchoka wakatia bolti ngumu, na siku hiyo kinachokatika ni gia. Nyingine ni klachi ndogo kwenye shafti inayoteleza mzigo ukizidi. Kwenye shamba la visiki mimi huchagua klachi hata kwa bei zaidi. Ila ukae nayo sawa: mwanzo wa kila msimu ilegeze, iache iteleze sekunde chache, uikaze tena, maana kutu ya hewa yetu ya bahari huigandisha ikawa haitelezi tena.

Tatu, pazia la minyororo mbele na nyuma. Slasha isiyo na pazia inarusha jiwe au kipande cha kuni makumi ya mita, na mashamba yetu yamepakana na nyumba, skuli na njia za watoto. Usikubali kuchukua bila pazia ati utaliweka baadaye. Ukifyeka karibu na nyumba mara nyingi, fikiria ile aina ya nyundo nyingi ndogo kwenye bomba linalolala. Inakata polepole na haipendi visiki, lakini hairushi vitu mbali.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi. Kwenye matrekta ya zamani ambayo shafti imeungana na gia, ukikanyaga klachi usimame, uzito wa visu vinavyozunguka unarudisha nguvu kwenye magurudumu na kulisukuma trekta mbele. Umekanyaga klachi na breki, na mashine inakwenda, na mbele yako ni mkarafuu. Dawa yake ni kiunganishi cha upande mmoja kinachofungwa kwenye shafti, kinachoruhusu visu viendelee kuzunguka bila kusukuma. Ni kitu kidogo na hakina bei kubwa.

Na urefu wa propela shafti, ile ya mabomba mawili yanayoingiliana inayounganisha PTO na kifaa. Hili limenigharimu mimi. Nilinunua slasha kwenye duka moja, muuzaji akanipa shafti akisema inafaa matrekta yote. Nikafunga tambarare, ikaingia, nikafurahi. Siku ya tatu nikavuka tuta, nikanyanyua slasha, mabomba mawili ya shafti yakaishiana yakawa hayana pa kuingia, na kilichopasuka ni beringi ya shafti ndani ya trekta. Miezi miwili mashine imelala, spea inatafutwa, na karafuu zimeiva. Pima hivi: inua na shusha kifaa polepole, injini imezimwa, utafute mahali ambapo trekta na kifaa vimekaribiana zaidi. Hapo mabomba yabakishe nafasi ya sentimita 3 kabla hayajagusana. Yakizidi urefu, kata la ndani na la nje kwa kipimo kimoja, pamoja na plastiki zake, laini makali kwa tupa, paka grisi. Na vinapokuwa mbali zaidi, mabomba yabaki yameingiliana angalau theluthi moja ya urefu wake.

Kifaa cha pili ni tela, na kwa Pemba kifaa cha tatu ni winchi.

Tela liwe na breki zake. Lenye mzigo likiwa halina breki kwenye mteremko linasukuma trekta, na trekta jepesi likisukumwa kutoka nyuma huenda upande. Sheria yangu ni kwamba tela lisilo na breki, pamoja na mzigo, lisizidi uzito wa trekta lenyewe nikiwa milimani. Unashuka kwa gia ile ile ambayo ungepandia, na hukanyagi klachi katikati ya mteremko hata ukitishika, kwa sababu ukishaikanyaga injini haikuzuii tena.

Winchi ndiyo jibu la vilima vyetu. Inafungwa nyuma, inazungushwa na PTO, ina waya wa chuma wa kama mita 50, na bamba lake linashuka kujikita ardhini. Trekta linasimama juu, kwenye njia tambarare, na gogo ndilo linalopanda. Huna haja ya kushuka na mashine pale ulipopiga vigingi. Tena gogo linapita njia moja tu, na mizizi ya mikarafuu inasalimika, maana mizizi yake mingi ya kulishia iko karibu na uso wa ardhi na haipendi kukanyagwa na tani mbili zinazokwenda na kurudi. Valia glovu, na asisimame mtu yeyote ndani ya kona ya waya unaovuta wala usawa wake. Waya ukikatika unarudi kama mjeledi.

Loda ya mbele wengi wanaitamani. Inafaa kwa anayehamisha mchanga au mbolea nyingi, na ukiitumia utie uzito nyuma na kubeba chini chini. Lakini ndoo iliyonyanyuliwa juu kwenye mwinamo ni njia fupi ya kupinduka, na kwa bei yake unapata winchi na tela. Bamba la nyuma la kusawazishia njia linafaa na si ghali. Plau na haro ni za bondeni. Usizipitishe chini ya mikarafuu.

Hatua ya nne: sasa trekta

Pawatila, lile trekta la tairi mbili la kushikwa kwa mikono, ni mashine nzuri bondeni, na ikifungwa tela dogo inabeba magunia. Kuifyekesha kilimani kunamchosha mtu na ni hatari, inamburura. Ikiwa kazi yako ni bonde la mpunga na kubeba tu, ishia hapo.

Kwa kilima cha miti tafuta trekta dogo la tairi nne lenye nguvu za farasi 25 hadi 40, linalovuta kwa tairi zote nne. Kuvuta kwa nne si kwa kupanda tu. Kwenye matrekta mengi ya ukubwa huo breki ziko tairi za nyuma peke yake, na ukishuka kilima huku umetia mvuto wa tairi nne, tairi za mbele nazo zinasaidia kuzuia.

Upinde wa chuma na mkanda wa kiti ni vitu vinavyokwenda pamoja. Ukiwa umesimamisha upinde, funga mkanda, maana trekta likipinduka utabaki ndani ya kinga. Ukiwa umeulaza kupita chini ya matawi, usifunge. Na chini ya mikarafuu kila mtu anashawishika kuulaza. Basi ulaze palipo tambarare tu, na unyanyue kabla ya kugusa mwinamo. Trekta ambalo upinde wake umekatwa na mwenyewe wa mwanzo usilinunue mpaka fundi arudishe wa kiwanda.

Mikono ya kuinulia, ile ya nyuma inayobeba kifaa, iwe ya daraja la kwanza, yaani pini za chini ni milimita 22. Daraja la pili ni milimita 28. Nenda na kipimo dukani, maana vifaa na matrekta huuzwa na watu tofauti, na nimeshaona slasha mpya ya daraja la pili nyuma ya trekta la daraja la kwanza, imefungwa kwa mabomba ya maji. Uliza pia uwezo wa kuinua sentimita 60 nyuma ya mikono, kwa sababu uwezo wa kwenye ncha za mikono ni mkubwa zaidi na uzito wa kifaa hauko kwenye ncha.

Gia za kawaida au zile za mafuta zinazokwenda kwa kukanyaga? Za mafuta ni tamu baina ya miti, mbele nyuma bila klachi. Lakini zinataka mafuta safi na fundi anayezijua. Kwa Pemba nachagua gia za kawaida zenye mkono wa mbele na nyuma kando ya stelingi, kwa sababu fundi wake yupo Chake, yupo Wete, yupo Mkoani.

Tairi za meno marefu ya kilimo hushika tope. Zile nzito za mashine za ujenzi huteleza zaidi kwenye kinongo kilicholowa lakini hustahimili vijiti vilivyokatwa vikabaki vimechongoka. Kwenye mwinamo ninachukua za kilimo. Trekta lolote utakalochukua, mpe fundi achomelee bamba chini kukinga kizibo cha oili na filta, na vyuma vidogo kukinga vali za tairi. Kijiti kimoja kinaweza kumwaga oili yote bila wewe kujua.

Hatua ya tano: kagua lililotumika

Matrekta mengi madogo yanayotufikia yametumika Japan: Kubota, Iseki, Yanmar. Ni mashine imara. Saa zilizoandikwa kwenye dashibodi zilinganishe na ulaji wa pedali, kiti na matundu ya mikono ya kuinulia. Pedali iliyolika hadi chuma haijafanya kazi saa 400.

Fika injini ikiwa baridi, na uguse kwa mkono. Ikiwa ya moto, muuzaji ameshaiwasha kukuficha kitu, rudi kesho. Fungua kizibo cha oili: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Washa, angalia moshi. Mweusi kidogo mwanzoni si tatizo, wa buluu usioisha ni injini inayokula oili. Funga kifaa kizito, kinyanyue, zima injini, nenda kanywe kahawa. Ukirudi ukikuta kimelala chini, sili za haidroliki zimechoka. Tia mvuto wa tairi nne na ugeuze kwenye udongo laini usikilize mbele. Piga chini ya bodi kwa nyundo ndogo, kutu ya chumvi huanzia kwenye maungio.

Haya ya Japan mengi yana mwendo kadhaa wa PTO na maandishi ambayo hatuyasomi. Slasha zinataka mizunguko 540 kwa dakika. Acha mkono wa PTO kwenye namba moja, na umpe fundi apime kabla hujaugusa wa pili.

Kabla ya kulipa, andika namba ya modeli uende maduka ya spea, Pemba, Unguja, na upige simu hata Dar es Salaam, uulize vitu vinne: filta ya oili, filta ya dizeli, sahani ya klachi, na mkanda wa feni. Ukikosa viwili kati ya hivyo, liache hata liwe zuri vipi.

Hatua ya sita: siku ya kwanza

Jirani yetu mmoja alitaka kung'oa kisiki cha mfenesi. Akafunga mnyororo kwenye mkono wa juu wa katikati kwa kuwa ndio uliokuwa karibu na mkono wake, akatia gia. Nilikuwa nimesimama hatua kumi. Tairi za mbele ziliondoka ardhini taratibu kama mbuzi anayejinyanyua kula majani ya juu, halafu si taratibu tena. Alikanyaga klachi kwa bahati tu, trekta likarudi chini kwa kishindo, na yeye akashuka akakaa juu ya kile kisiki hasemi kitu. Mnyororo hufungwa kwenye kivutio cha chini, chini ya usawa wa ekseli, na si pengine popote. Na kisiki hakivutwi kwa kurukia, kinachimbwa mizizi kwanza.

PTO kwa mizunguko 540 inazunguka mara 9 kwa sekunde moja. Ukingo wa shuka ukishikwa, mkono haujui kama umekwenda. Kanzu, kikoi, kanga ya begani, vyote vibaki nyumbani. Suruali, viatu vya kufunga. Plastiki inayofunika shafti ikipasuka, kazi inasimama mpaka ibadilishwe. Na kiti ni kimoja: mtoto hapandi kwenye tairi wala kwenye tela tupu, akilia akalie.

Kabla ya kufyeka, pita tena na panga. Tafuta visima vya zamani, mashimo, waya, na mizinga ya nyuki kwenye vichaka. Fyeka kwa kupanda na kushuka kilima, si kwa kukikata ubavuni. Weka slasha sentimita 10 hadi 15 kutoka ardhini, na mita 1 ya mwisho kuzunguka kila mkarafuu iache kwa panga. Kidonda kwenye gome la mkarafuu ni mlango wa ugonjwa.

Anza sehemu tambarare kuliko zote. Baada ya saa ya kwanza zima kila kitu, toa ufunguo utie mfukoni, inua slasha na uiegemeze juu ya magogo mawili mazito, maana haidroliki haiaminiki mtu akiwa chini. Kamata spana ukaze nati za visu. Utazikuta zimelegea; saa ya kwanza hulegea karibu siku zote.